Mwanza hadi KIA: ndege ya moja kwa moja, kupitia Dar, au basi?

Mwanaziwa: Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nampeleka mama Moshi kwa daktari. Mgongo unamsumbua, hawezi kukaa kitini muda mrefu. Nimepima kwenye ramani, uwanja wa Mwanza mpaka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) ni kama kilometa 470 tu, lakini safari nyingine za ndege naona zimeandikwa zinachukua saa sita. Mbona hivyo? Na basi je?

Pangaboi: Mkuu, hizo 470 ni za mstari ulionyooka, unapita juu ya Serengeti. ATR 72, ile ndege ya mapangaboi, inakwenda karibu kilometa 500 kwa saa, kwa hiyo angani ni kama saa moja. Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa kule, ndiyo maana unakuta saa moja na robo hivi. Jeti ina kasi zaidi, ila kwa umbali huu ikimaliza kupanda tu inaanza kushuka. Utaokoa dakika chache, usihangaike na aina ya ndege.

Hizo saa sita ni za kupitia Dar. Mwanza–Dar ni kama kilometa 850, Dar–KIA kama 450. Jumla 1,300, karibu mara tatu ya ile ya moja kwa moja, na bado hujahesabu kusubiri.

Mama wa Wawili: Kaka, basi kwa mgonjwa wa mgongo hapana. Mwaka juzi nilisafiri na baba yangu kwa Shinyanga, Nzega, Singida, Babati hadi Arusha. Ni karibu kilometa 800, na Moshi bado iko mbele kama 80. Tulitoka alfajiri, tukafika usiku. Lami ni nzuri, lakini mzee alishindwa kushuka mwenyewe. Niliumia sana kumwona vile.

Kaskazini77: Kuna njia ya kukatiza Serengeti na Ngorongoro, ni fupi zaidi. Ila unalipa kiingilio cha hifadhi zote mbili, mwendo hauruhusiwi kuzidi kilometa 50 kwa saa ndani ya Serengeti, na barabara ile ya vumbi ina vituta vidogo vidogo vinavyotikisa gari mfululizo. Kwa mama, usithubutu.

Mwanaziwa: Asanteni. Na nikikosa ya moja kwa moja siku ninayotaka?

Mama wa Wawili: Badilisha siku, kaka. Kama daktari anakubali kusogeza miadi, isogeze.

Pangaboi: Naunga mkono. Ukilazimika kupita Dar, kata tiketi moja ya safari nzima. Mimi niliwahi kukata mbili za mashirika tofauti, ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaniacha, na hela haikurudi. Omba pia kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, usingoje siku ya safari.

Kaskazini77: Na ukishuka KIA uko katikati ya Arusha na Moshi. Moshi ni kama kilometa 40, chini ya saa moja kwa gari. Panga dereva mapema, mama asisimame nje akisubiri.

Mwanaziwa: Nimeelewa. Kesho nampigia daktari nimwombe anipe siku yenye ndege ya moja kwa moja.