Miruko ya Red Bull Rampage: iwekewe ukomo wa kimo, au wapanda baiskeli waachiwe waamue?

Mleta mada
Wakuu, karibuni tujadili. Friraidi (freeride) ya milima mikubwa, mchezo wa baiskeli za mlimani, haina njia iliyotengwa. Mpanda baiskeli huchagua mwenyewe pa kushukia kwenye genge, huchimba njia yake, kisha huteremka akiruka. Mashindano yake makubwa ni Rampage, yaliyoanza 2001 jangwani karibu na mji mdogo wa Virgin, jimbo la Utah, Marekani. Baada ya 2004 yalisimamishwa kwa sababu ya hatari, yakarudi 2008. Mwaka 2015 Paul Basagoitia aliumia uti wa mgongo. Oktoba 2025 Adolf Silva wa Hispania alianguka akijaribu samasoti mbili za nyuma katika mruko mmoja, naye akaumia uti wa mgongo. Hata hivyo mashabiki bado wapo. Je, kuwe na kanuni ya kimo cha juu cha mruko?

Kigoda
Mimi nasema iwepo. Tazameni alama zinavyotolewa: ugumu wa njia, ukubwa wa mruko, udhibiti, mitindo ya hewani kama samasoti. Ukubwa ukiwa sehemu ya alama, usitegemee mtu achague mruko mdogo. Halafu kuna mbio mbili, na iliyo bora ndiyo inayohesabiwa. Aliyeharibu ya kwanza anaingia ya pili akiwa amechoka, upepo wa mchana umeanza, na alama pekee zitakazomwokoa ziko kwenye mtindo ambao hakuufanya mazoezini. Hapo huwezi kusema "aamue mwenyewe". Mfumo wa alama umeshamwamulia.

FundiMteremko
Kuhusu alama nakuunga mkono, Kigoda. Kuhusu kimo sikubaliani nawe, maana kimo si kipimo cha mshindo. Chukua mruko wa kushuka mita 10, baiskeli ikitoka ukingoni kwa kilomita 36 kwa saa. Tukiacha ukinzani wa hewa, inakaa hewani sekunde 1.4, inasonga mbele mita 14, na inafika chini ikielekea chini kwa nyuzi 54 hivi. Mteremko wa kutua ukiwa na nyuzi 45, mshindo unaokupata ni sawa na kudondoka wima sentimita 40 pabapa. Mteremko huohuo ukiwa na nyuzi 35, mshindo unapanda hadi mita 1.7. Ukitua pabapa, mita 10 zote zinakuja magotini na mgongoni.

Kwa hiyo mruko wa mita 3 unaotua pabapa ni mbaya kuliko wa mita 10 uliochimbwa vizuri. Ukiweka ukomo wa kimo, watu watahamia kwenye miruko mifupi yenye pa kutua pabovu, na wataumia vilevile. Kipimwe kile kinachovunja watu: tofauti kati ya mwelekeo wa baiskeli na mteremko wa kutua.

Kigoda
Hesabu yako ni sahihi mradi kasi iwe sahihi. Punguza kasi asilimia 5 tu kwenye mruko wako wa mita 10: unapungukiwa na sentimita 70. Kwenye mruko wa mita 3 kwa kasi ileile ungepungukiwa na 40. Sentimita 70 zinatosha kukutoa kwenye mteremko wa kutua na kukugongesha begani mwake, pale juu panapokaribia kuwa bapa. Hapo nyuzi zako 45 hazipo tena. Upepo wa mbele unaweza kukunyang'anya asilimia 5 bila wewe kujua, na wa nyuma unakupitiliza hadi kwenye mawe. Kadiri mtu anavyokaa hewani ndivyo kosa dogo la ukingoni linavyokua, kwa hiyo kimo hakiwezi kuondolewa kwenye mjadala.

FundiMteremko
Hoja ya kasi naikubali. Lakini dawa yake ni kurefusha mteremko wa kutua, na hiyo ni kazi ya udongo na muda. Tangu kanuni zibadilike mwaka 2016, kila mshindani ana wachimbaji wawili na zana za mikono tu: sururu, majembe, sepetu, reki. Udongo wa pale ni mkavu, haushikani bila maji, na maji lazima yapandishwe genge.

Ukingo wa kurukia hujengwa kwa magunia ya mchanga yaliyopangwa kwa kupishana kama matofali, kisha udongo uliolowanishwa unabandikwa juu tabaka kwa tabaka na kupigwa kwa mgongo wa sepetu. Tabaka likiwa nene mno, ngozi ya juu inakauka na kuonekana imara wakati ndani bado ni vumbi. Baada ya mipito kadhaa ya mazoezi ukingo unamomonyoka. Tairi la mbele likizama hapo hata kidogo, baiskeli inaondoka pua ikiwa chini, na mtu anatua kwa gurudumu la mbele. Kila siku ya ziada ya kuchimba, na kila lita ya maji inayopelekwa juu na waandaaji, ingeokoa watu wengi kuliko kanuni ya mita.

Spoku36
Niongeze upande wa baiskeli, maana vijana wanaotazama hizi video wanadhani kinachowazuia ni woga tu. Zile baiskeli zina shokapu zinazoruhusu gurudumu kupanda na kushuka mm 180 hadi 200. Shokapu ya nyuma ya mm 200 hupimwa izame karibu mm 50 mtu anapopanda, na ndani ya chemba ya hewa huongezwa vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi, ili iwe ngumu mwishoni na isigonge chuma kwa chuma. Mrejesho wake, yaani kurudi kwake baada ya kubanwa, hupunguzwa kasi. Ukiwa wa haraka, nyuma inakurusha juu ya usukani mara tu unapotua. Matairi yana kuta za tabaka mbili, bila tyubu, mara nyingi na povu ndani ili rimu isipigwe na jiwe.

Sasa chukua baiskeli ya kawaida ya gia yenye foku (uma wa mbele) isiyo na shokapu, au ile foku nyepesi ya mm 80. Hata mita moja kutua pabapa inaweza kupinda rimu au kukata foku shingoni. Kwa mruko wowote, kagua kwanza boliti za shingo ya usukani: nyingi hukazwa kwa nguvu ya Nm 5 (nyutoni mita), zikipishana, pengo la juu na la chini liwe sawa. Ukikaza upande mmoja, usukani unaweza kuzunguka unapotua. Na helmeti iliyokwisha kupigwa chini kwa nguvu haivaliwi tena, hata kama haina ufa.

Zuhura_M
Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba mashindano ni ya wanaume tu. Wanawake waliingizwa Rampage 2024, na Robin Goomes wa New Zealand akashinda akipiga samasoti za nyuma. Kabla ya hapo walikuwa wakikutana palepale Virgin katika Formation, iliyoanza 2019 bila alama wala mshindi: wanachimba pamoja, wanafundishana kusoma kasi, kila mmoja anaruka anapokuwa tayari. Friraidi ilibaki friraidi. Basi Kigoda, kama tatizo ni alama, kwa nini tusianze kwa kukiondoa kigezo cha ukubwa?

Kigoda
Dada Zuhura, hapo umenisogeza. Naacha ukomo wa mita. Nashikilia haya: kigezo cha ukubwa kiondoke kwenye alama, mbio ya pili isianze upepo ukizidi kiwango kilichotangazwa kabla ya siku ya fainali, na mwandaaji alipie bima ya kila mshindani inayofika hadi matibabu ya muda mrefu na kiti cha magurudumu, si helikopta na wiki ya kwanza hospitalini tu. FundiMteremko, kwenye upepo ungeweka kiwango gani, na ungepimia wapi: ukingoni au pa kutua?

FundiMteremko
Ukingoni na katikati ya mruko, vipimo viwili. Pa kutua mara nyingi pamekingwa na genge, kwa hiyo kipimo cha pale kitasema pametulia wakati juu panavuma. Kiwango kimoja kwa wote sikitaki: kila mshindani atangaze siku ya mazoezi upepo ambao mruko wake mkubwa unaustahimili, uandikwe, na ukipita hapo bendera ya kumruhusu aanze isishuke.