Majirani wa Pasua, Moshi: sado moja kila nyumba

JUMATATU

Mwalimu, 20:14
Habari za jioni majirani. Mnivumilie, ujumbe ni mrefu.
Mnajua ada ilifutwa tangu 2016, lakini chakula cha mchana kimebaki kwa mzazi. Shuleni kwetu tumehesabu wanafunzi 46 wa kidato cha kwanza na cha pili ambao nyumbani kwao hawajaweza kuchangia muhula huu. Kengele ya saa saba ikilia, wenzao wanachukua sahani, hawa wanakwenda bombani. Wanakunywa maji, wanakaa chini ya mti mpaka kengele nyingine. Saa nane nikiingia na hesabu wamelala juu ya daftari. Zamani nilikuwa nawaamsha kwa ukali. Sasa siwezi.
Naomba tuone la kufanya, sisi wenyewe hapa mtaani.

Mama Zuhura, 20:19
Subhanallah. Na hawa watoto tunapishana nao asubuhi wanatusalimia vizuri kabisa.

Baba Junior, 20:20
Mimi niko Dar lakini nimo. Semeni kiasi gani.

Mjumbe, 20:26
Mwalimu asante kwa kutuambia. Kabla ya kutoa hela tupige hesabu. Mtoto mmoja anakula kiasi gani kwa siku?

Mwalimu, 20:31
Makande ya shule tunapima gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa mtoto, na mafuta kijiko kimoja. Watoto 46 kwa siku 20 za masomo: mahindi kilo 138, maharage kilo 37, mafuta lita 5. Kuni na mpishi vipo tayari.

Mama Neema, 20:38
Kilo 138 ni gunia moja na debe mbili. Humu tuko nyumba 64. Kila nyumba ikitoa SADO MOJA ya mahindi, sado ni kama kilo 3, tunapata zaidi ya kilo 190. Asiye na mahindi atoe maharage au hela. Mimi nitaandika daftari.

Mama Zuhura, 20:40
Sado moja haitushindi. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimekuja pamoja, sote tumefunga, sote tunajua saa tisa tumbo linasemaje. Tofauti ni kwamba sisi magharibi tunajua futari ipo.

Godlisten, 20:41
🙏🙏 Kirikuu ya kaka ipo Jumamosi, mafuta ya gari juu yangu

Nesi Rehema, 20:52
Weka sado mbili jina langu. Na mwezi huu ndio mbaya kuliko yote. Akiba ya mwaka jana imekwisha, masika ndiyo inaanza, mahindi mapya mpaka mwezi wa saba au wa nane. Kliniki naona watoto wanapungua uzito sasa hivi, siyo Desemba.

JUMANNE

Mwalimu, 06:05
Kuna jambo jana sikulisema, usingizi umenikataa.
Kuna binti mmoja kidato cha kwanza. Huyu hayumo kwenye wale 46, kwao wamechangia. Nilimwona kila siku anakula nusu ya makande, nusu anatia kwenye kopo tupu la siagi, anafunga kifuniko kwa mpira wa ndala uliokatwa, anaweka begini chini ya sweta. Nikadhani anakula njiani na rafiki zake. Wiki iliyopita nikamuuliza taratibu, tukiwa wawili tu. Ni ya mdogo wake, ana miaka 4. Akaniambia, "Mwalimu, usiniondoe kwenye orodha ya chakula."
Aliogopa kwamba nikijua anagawa, nitamkata.

Mama Neema, 06:11
Jamani 😭

Mama Zuhura, 06:12
Ya Rabbi

Mjumbe, 06:30
Basi tukipeleka shuleni tu tumefanya nusu. Njaa iko nyumbani, shule ndiko inakoonekana. Nitapita kimya kimya kwa nyumba ninazozifahamu na ambazo sizifahamu vizuri. Naomba mpaka Alhamisi.

Bibi Aika, 07:15
🎤 Ujumbe wa sauti (1:48)

Mama Neema, 07:24
Kwa walio kazini wasioweza kusikiliza, Bibi anasema hivi: Zamani kule Kibosho, nyumba ambayo moshi hautoki jioni, jirani anapita na mkungu wa mchare, anauweka kwenye mgomba wa mpakani, anapiga kelele "ndizi zangu zimenizidi, zitaoza!" halafu anaondoka. Mwenye nyumba anatoka anazichukua. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyepewa. Anasema na sisi tufanye hivyo hivyo. Na stoo yake iko wazi kwa kuwekea mizigo.

Godlisten, 07:26
Shikamoo Bibi. Aika mae, asante mama 🙏

ALHAMISI

Mjumbe, 19:02
Nimemaliza. Ni kaya 9. Kuna wazee wawili wanaolea wajukuu, kuna mama aliyejifungua mapacha na baba yuko mbali, wengine vibarua wa mashambani ambao kazi imesimama. Nyumba 2 ziko kwenye mpango wa serikali wa kaya maskini (TASAF), zilizobaki haziko popote. Mapendekezo kwa kila kaya: unga kilo 10, maharage kilo 3, mafuta lita 1, chumvi. Mpaka tuone mwezi ujao.
Naomba pia siku ya kugawa tupate picha, ili waliochangia wa Dar na kwingine waone mzigo umefika.

Godlisten, 19:05
Picha nitapiga mimi, simu yangu ina kamera nzuri

Mama Zuhura, 19:09
Mjumbe kwa heshima yako, hapana. Picha hapana. Mwaka juzi kuna watu walileta msaada mtaa mwingine hapa hapa Moshi. Walipanga akina mama mstari, kila mmoja mfuko wa unga kifuani. Picha ikazunguka kwenye simu. Mtoto wa mmoja wao ni rafiki wa Zuhura. Wenzake walimwita jina la ule unga darasani, wiki nzima hakwenda shule. Mama yake aliniambia, bora ningelala njaa.

Nesi Rehema, 19:12
Nakumbuka. Yule mtoto nilimwona.

Baba Junior, 19:15
Mimi ndiye wa Dar mnayemtafutia ushahidi. Sihitaji sura ya mtu. Mama Neema akiniambia kilo zimefika, zimefika.

Mjumbe, 19:21
Nimekubali na naomba radhi. Nilifikiria uwazi tu. Basi tupige picha ya magunia yakiwa kwenye mzani, namba isomeke, na ukurasa wa daftari wa walioTOA. Orodha ya wanaopokea ninayo mimi na Bibi Aika tu. Haitaingia humu. Msiniulize.

Mama Neema, 19:22
Na vifurushi vipelekwe usiku, nyumba kwa nyumba. Kusiwe na foleni.

IJUMAA

Mama Neema, 18:40
Hadi sasa: mahindi sado 41, maharage sado 9, mafuta lita 11, dagaa mfuko mmoja. Hela 214,000, kesho asubuhi naenda nazo sokoni Mbuyuni kwa unga na maharage.
Naomba tusitoe kilichotushinda kula. Leo nimepokea maharage yenye wadudu na pakiti ya tambi zilizopita muda. Nimezirudisha bila kumtaja mtu. Toa kile ambacho ungempikia mgeni.

Baba Ombeni, 18:47
Nakuja na debe moja la mahindi. Niko njiani na baiskeli.

Mama Zuhura, 18:48
Debe zima! Mungu akubariki baba.

Nesi Rehema, 19:33
Samahani majirani, niko stoo kwa Bibi. Kuna mahindi hapa yana harufu ya uvundo na mengine yana rangi ya kijani kwenye kiini. Nimefanya kipimo cha chumvi. Mnaweza kufanya hata nyumbani: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu iliyoanikwa juani vijiko 3, mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika 2, acha dakika 15. Chumvi ikianguka chini, mahindi yamekauka. Ikiganda kwenye kioo, ni mabichi. Hapa imeganda chupa nzima kama ukungu wa dirishani.
Haya tusiwape watoto. Hata tukiyaanika upya hayafai, kwa sababu ukungu umeshaingia, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. 2016 kule Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi. Inaua ini.

Godlisten, 19:35
Ni debe la nani hilo?

Bibi Aika, 19:36
Godlisten.

Godlisten, 19:36
Samahani Bibi

Baba Ombeni, 19:51
Ni langu. Sikuleta takataka. Gunia hilo niliweka la kula nyumbani, lilikuwa sakafuni pembeni ya ukuta, mvua ya juzi imepenya. Juu lilikuwa kavu, nikaona zuri. Mlisema watoto hawana chakula, nikagawa nusu.

(Hakuna aliyeandika kwa muda.)

Nesi Rehema, 19:58
Baba Ombeni, nisamehe. Nilipaswa kukupigia wewe kwanza, nikaandika humu kwa haraka. Tuliomba sado moja, wewe umeleta tano. Nakupigia sasa hivi.

Mjumbe, 19:59
Mimi nipo karibu na kwako, nakuja kwa miguu. Tuongee.

Mama Zuhura, 20:04
Baba Ombeni, sisi wote magunia yetu yako sakafuni. Kesho na mimi natafuta mbao niyanyanyue. Ahsante kwa kutufumbua macho.

Nesi Rehema, 20:40
Kwa wote: gunia likae juu ya kichanja, mbali na ukuta. Kipimo cha chumvi kinaonyesha unyevu tu, sumu yenyewe haionekani kwa jicho, kwa hiyo mahindi hata makavu yachambuliwe, toeni yaliyovunjika na yenye rangi. Kukoboa nako kunapunguza sana. Na yaliyooza msiwape kuku. Tutayafukia.

JUMAMOSI

Baba Ombeni, 06:20
Habari za asubuhi. Asanteni kwa jana. Nimeelewa. Mahindi mengine sina, lakini mgongo ninao. Nitakuwa stoo saa moja, nipakie na nishushe.

Godlisten, 06:22
Shikamoo baba. Nakupitia na gari, tutapakia pamoja.

Mama Neema, 11:17
📷 Picha: gunia kwenye mzani, 100 kg
📷 Picha: mzani, 39 kg
📷 Picha: daftari, ukurasa wa 1 na 2
Mahindi yaliyochambuliwa na kukobolewa yametoka stoo kwenda shuleni. Akina mama 7 wamechambua tangu saa kumi na mbili, vidole vimekuwa vyeupe. Mwenye mashine ya kukoboa amekataa hela yetu. Maharage kilo 37 yametimia, mengine ya Mbuyuni.

Mwalimu, 12:30
Tumepokea. Mkuu wa shule amesaini. Mpishi amehesabu magunia akakaa chini kwenye ngazi, akalia.
Na tumepanga hivi: Jumatatu hakutakuwa na orodha mbili. Wote watapita dirisha moja, sahani moja, hakuna atakayejua nani kalipiwa na nani kalipa.

Baba Junior, 12:34
Hiyo ndiyo niliyokuwa naiomba moyoni 🙏

Mwalimu, 12:41
Yule binti wa kopo nimemwita pembeni. Nimemwambia ale sahani yake yote, nyumbani kutafika kitu. Akauliza kitafika lini. Nikamwambia leo usiku. Akauliza saa ngapi.

Mama Zuhura, 12:43
😭😭 Tuanze na kwao.

Mjumbe, 12:44
Tutaanza na kwao.

Mama Neema, 17:55
Vifurushi 10 vimefungwa, viko kwa Bibi.

Godlisten, 17:56
Si zilikuwa kaya 9?

Bibi Aika, 17:57
Ni 10.

Godlisten, 17:57
Sawa Bibi.

Mjumbe, 21:50
Vyote vimefika. Taa za mtaa wa chini zilikuwa zimezimika, ikawa heri.

JUMAPILI

Mwalimu, 15:10
Majirani, mpishi anahitaji mikono miwili kesho alfajiri, saa kumi na moja. Makande ya watoto wote yanakwenda sufuria tatu badala ya mbili. Na maharage lazima yalowekwe leo jioni.

Mama Zuhura, 15:12
Nitakuwa nimeamka kwa daku, niandike.

Baba Ombeni, 15:13
Na mimi. Kuni nitapasua leo.

Mama Neema, 15:15
Funguo ya stoo ya shule iko kwa nani?