Bunge la Uingereza mlipewa miezi sita ya kupanga kutoka Umoja wa Ulaya, mmeifanyia nini? Tumechoka kuahirishiwa maisha

Wakuu, nimetoka shifti saa nne usiku huu, nimefika nyumbani hata viatu sijavua, naandika hivi hivi kwa sababu nikiingia kitandani na hizi hasira sitalala.

Mimi niko Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa sasa, nabeba boksi kama wengi wetu, kwenye ghala la mboga na maua. Leo Jumanne tarehe 22 Oktoba 2019 saa moja jioni tulikuwa breki kantini, TV inaonyesha Bunge moja kwa moja, mezani yupo Mpolandi mmoja, Waromania wawili, dada wa Kihindi wa kutoka Diu, koloni la zamani la Ureno, mwenye pasi ya Ureno, na mzee mmoja Mwingereza anaendesha folklifti. Kengele zikalia, wabunge wakaenda kujipanga kwenye zile kumbi zao mbili, ya Ndiyo na ya Hapana, wakarudi, matokeo yakasomwa, 329 kwa 299, muswada wa kutoka Umoja wa Ulaya umepita hatua ya pili. Kantini nzima kimya. Maana tangu mwaka uanze ndo mara ya kwanza hilo Bunge limesema ndiyo kwenye dili lolote, yaani mkataba wa kutoka. Mzee wa folklifti akaweka kikombe chini akasema basi, imeisha. Hazikupita dakika ishirini kengele tena, ratiba ya kuumaliza huo muswada kwa siku tatu ikapigwa chini 322 kwa 308, Waziri Mkuu Boris Johnson akasimama akasema anausimamisha mpaka Ulaya waseme kama wanatoa muda mwingine. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Mzee hakusema kitu. Alichukua kofia yake akarudi kwenye folklifti kabla breki haijaisha. Yule alipiga kura ya kutoka 2016, mimi nilipiga ya kubaki, tumebishana miaka mitatu, na leo tumekuwa na sura moja.

Jamani hii ni mara ya ngapi? Tarehe ya kutoka ilikuwa 29 Machi mwaka huu, ikawa 12 Aprili, ikawa 31 Oktoba ambayo ni wiki ijayo, sasa wanaomba 31 Januari. Dili la Theresa May, Waziri Mkuu kabla ya Johnson, walilikataa tarehe 15 Januari 432 kwa 202, serikali haijawahi kupigwa hivyo kwenye historia ya karibuni ya nchi hii, wakalikataa tena 12 Machi 391 kwa 242, wakalikataa mara ya tatu Ijumaa ile ile ya 29 Machi ambayo ndo ilikuwa siku ya kutoka, 344 kwa 286. Ukiwauliza basi tutoke bila dili, wakasema hapana. Wakasema ngojeni Bunge lenyewe lichague, zikaletwa njia 8 tarehe 27 Machi, zote wakazikataa, wiki iliyofuata zikaletwa 4, zote tena wakazikataa, ile ya kubaki kwenye umoja wa forodha ikaanguka kwa kura 3 tu, 276 kwa 273. Kura tatu! Watu watatu wangeinuka upande ule mwingine labda saa hizi tungekuwa tunaongea mengine. Yaani ukiwauliza wasichokitaka wanakijua vizuri sana, ukiwauliza wanachokitaka kila mtu na lake.

Na mimi sipingi kuahirisha kwenyewe, naomba mnielewe hapo. Kutoka bila mkataba mwezi Machi ingekuwa balaa, tuliofanya kazi kwenye maghala tunajua. Kinachonikera ni kuomba muda halafu usiutumie. Aprili walipopewa ile miezi sita Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, aliwaambia wazi kabisa msiupoteze huu muda. Haya, tuhesabu pamoja. Walipopewa tu wakaenda likizo ya Pasaka mpaka tarehe 23. Wakarudi, May akawa na mazungumzo na chama cha upinzani cha Labour, yakavunjika katikati ya Mei. May akatangaza kung'oka, chama chake kikakaa Juni yote na karibu Julai yote kinatafuta kiongozi, Johnson akaingia 24 Julai, na kesho yake tu Bunge likaenda mapumziko hadi 3 Septemba. Wakarudi siku chache, Johnson akalifunga Bunge wiki tano, Mahakama ya Juu majaji 11 kwa sauti moja wakasema kulifunga vile ni kinyume cha sheria, wakarudi 25 Septemba wanatukanana, tarehe 8 Oktoba likafungwa tena mpaka 14 kwa ajili ya hotuba ya Malkia. Sasa leo wabunge wanasimama wanasema siku tatu hazitoshi kuusoma muswada wa kurasa zaidi ya 100. Ni kweli hazitoshi! Mimi mwenyewe naungana nao, sheria ya kubadilisha nchi nzima huwezi kuipitisha kwa siku tatu kama unapitisha bajeti ya harusi. Lakini miezi sita mlikuwa wapi ndugu zangu?

Na Johnson naye asijifanye yeye ndo mwenye haraka. Yeye ndo alisema bora afe mtaroni kuliko kuomba muda. Wabunge wakapitisha sheria ya kumlazimisha aombe, na siku walipoanza kumkaba, 3 Septemba, mbunge wa chama chake mwenyewe alivuka ukumbi akaenda kukaa upande wa pili wakati yeye bado anahutubia, wingi wake ukaishia pale pale, na usiku ule ule akawafukuza wengine 21 kwenye kundi lake Bungeni, halafu anashangaa hana kura za kutosha. Jumamosi iliyopita, Bunge limeitwa kukaa wikiendi kwa mara ya kwanza tangu vita ya Falklands 1982, akashindwa tena 322 kwa 306, usiku akapeleka Brussels, kwa Umoja wa Ulaya, barua ya kuomba muda bila kuisaini, na barua nyingine kaisaini inayosema kuongeza muda ni kosa. Waziri Mkuu wa nchi. Mimi nikipeleka fomu ya likizo kwa bosi bila saini narudishiwa usoni.

Sasa niwaambie hizi danadana tunazilipa namna gani sisi wa huku chini, maana kwenye TV huwezi kusikia.

Ofisini kwetu kuna ubao mweupe ukutani, bosi anaandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kutoka, na chini yake pale pallet ngapi ziingie kabla ya hiyo tarehe. Februari na Machi tulikosa usingizi, ovataimu kila siku, wateja wote wanajaza stoku, mikebe ya nyanya, pasta, mafuta, imepangwa hadi kwenye njia za kupita, ajensi ikaleta vijana wapya kila Jumatatu. Tarehe ikapita hakuna kilichotokea. Mei na Juni wateja wakawa wanakula stoku yao, hawaagizi, na sisi wa ajensi ambao hatuna saa za uhakika tukawa tunapigiwa simu siku mbili kwa wiki. Vijana wote wapya wakaondolewa. Mimi kodi ya nyumba mwezi wa sita nilikopa. Na si kwetu tu, viwanda vya magari vilihamisha likizo ya kiangazi ikawa Aprili ili visubiri fujo za kutoka, wafanyakazi wakakaa nyumbani Aprili na fujo zenyewe hazikuja. Septemba ubao ukafutwa ukaandikwa 31/10, tukaanza tena kujaza. Ule wekundu wa zamani hauondoki vizuri, ukisimama karibu unaisoma 29 chini ya 12 chini ya 31.

Maua ndo yanauma zaidi maana huwezi kuyawekea stoku. Waridi la Naivasha linapanda ndege usiku, linafika Uholanzi, linapita mnadani Aalsmeer, linapakiwa lori, linavuka Calais kwenda Dover, likifika kwetu limebakiza siku zake za kuhesabu. Lori likikwama foleni ya forodha siku mbili, hilo boksi ni la kutupa, na kuna mama Mkenya shambani aliyelikata ambaye hajui hata Bercow, Spika wa Bunge la huku, ni nani. Kenya wenzetu hadi sasa, 2019, wanauza maua na mishiri (maharagwe mabichi) huku bila ushuru kwa mgongo wa sheria za Ulaya, Uingereza ikitoka bila utaratibu hawajui wanasimama wapi. Na nyumbani msidhani haituhusu, Julai 2016 Tanzania ilipogoma kusaini EPA, ule mkataba wa biashara, na Ulaya sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa hii hii ya Uingereza kutoka.

Halafu kuna jirani yangu, mama mmoja Mbarawa, sisi tunamwita Mama tu, Kiswahili chake kile cha kwao Barawa, Somalia, alikimbia vita akaishia Uholanzi akapata uraia, akahamia Leicester kama Wasomali wengi wa Uholanzi. Pasi yake ni ya Uholanzi kwa hiyo lazima aombe kibali kipya cha kubaki. Miezi yote hii ile programu ya kuskani pasi ilikuwa inakubali simu za Android tu, yeye na wanawe wana iPhone, basi akaja kwangu. Tulikaa jikoni saa nzima, unaweka simu juu ya pasi, unaisogeza taratibu mpaka itetemeke, imekataa, unatoa kava, unaanza upya, halafu inampiga picha usoni kwa mataa ya rangi rangi, Mama kafumba macho kwa woga, mara ya nne ndo ikapita. Akaniuliza mwanangu, dada yangu naye hajaomba, mwisho ni lini? Nikafungua kumsomea: kukiwa na dili mwisho ni 30 Juni 2021, pasipo dili ni 31 Desemba 2020. Akaniuliza, sasa kuna dili au hakuna? Mkuu, ningemjibu nini?

Kitu kinachoniumiza, huyo Mama hakuruhusiwa kupiga kura 2016. Mimi Mtanzania wa juzi, kwa sababu ya Jumuiya ya Madola, niliruhusiwa. Yeye aliyewasafishia hospitali zao miaka kumi na tano, hapana.

Na pauni. Usiku wa kura Juni 2016 iligusa dola 1.50, Septemba hii imeenda hadi chini ya 1.20. Nyumba yangu Bagamoyo imesimama kwenye linta mwaka wa pili, fundi ananipigia kila mwisho wa mwezi, kaka bati lini, mvua inaharibu tofali. Kila wakiitana kupiga kura pale Westminster pauni inapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa, unakaa na simu mkononi unasubiri kutuma, ukituma leo kesho inapanda, ukisubiri inashuka.

Kuna watu najua watakuja hapa kusema demokrasia ndo hivyo, ina taratibu zake. Mkuu hapana. Mimi nilishindwa 2016, 52 kwa 48, hapa Leicester tulipasuka karibu katikati 51 kwa 49, nikakubali. Kama mnatoka tokeni na utaratibu wa kueleweka, kama hamuwezi warudishieni wananchi waulizwe tena, watu zaidi ya milioni 6 walisaini kuomba hii safari ifutwe, zote mbili ni njia. Ila hii ya kumkaba Waziri Mkuu asitoke, kumnyima uchaguzi mara mbili, kulikwamisha dili lake na kukataa kutoka bila dili, hii siyo njia, huku ni kukaa barabarani. Na huyo Waziri Mkuu anayesema lawama zote ni za Bunge, yeye mwenyewe alikuwa mbunge aliyepiga Hapana kwa dili la May mara mbili kabla ya kubadilika mara ya tatu. Mngelikuwa na huruma na watu wenu mngekaa chini Aprili, si leo.

UPDATE 31 Oktoba 2019: Leo ndo ilikuwa siku yenyewe. Jumatatu Ulaya wamekubali muda mpaka 31 Januari 2020, na Jumanne wabunge wamekubali uchaguzi, 438 kwa 20, tarehe 12 Desemba. Bosi keshafuta ubao, saa zangu za wiki ijayo zimeshakatwa.

Wengi mmeniuliza inbox kama kweli sisi tunaweza kupiga kura. Ndiyo. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, ukiwa unaishi hapa kihalali una haki kwenye uchaguzi mkuu hata kama huna pasi yao. Wa Kongo na Burundi hapana, nchi zenu hazimo Madola, samahanini. Mwisho wa kujiandikisha kwa uchaguzi huu ni 26 Novemba 2019, unaulizwa namba yako ya National Insurance, ile ya bima ya jamii, mke wangu nimemwandikisha jana usiku imechukua dakika tano. Na mwenye ndugu wa pasi ya Ulaya hapa Leicester ambaye hajaomba kibali na simu inamgomea, nicheki, Android yangu ipo, Jumapili nakuwa nyumbani.