Mrejesho: Excel iliyopotelea kwenye TV

Wakuu, nilileta shida ya Excel kutoonekana: naibofya chini, ikoni inawaka, kioo kitupu. Kompyuta nimeiunga na TV kwa waya wa HDMI iwe skrini ya pili.

Kumbe faili lilikuwa salama. Watoto walihamishia TV kwenye king'amuzi waangalie katuni, waya umebaki umechomekwa, kompyuta ikaamini skrini ya pili ipo. Excel yangu ilikuwa nyuma ya katuni!

Aliyeniambia nifike Excel kwa Alt+Tab, kisha nibonyeze Windows+Shift+mshale wa kushoto, Mungu ambariki. Dirisha liliruka papo hapo likarudi kwenye kompyuta, seli niliyokuwa najaza bado imechaguliwa. Windows+P na kuchagua skrini ya kompyuta pekee nayo inafanya kazi, ila inarundika madirisha yote kwenye kioo kimoja, mimi sijaipenda.

Pia kwenye mipangilio ya Windows 11 nimeweka ikoni za chini zionekane kwenye skrini ambayo dirisha limefunguka tu. Sasa ikoni ya Excel isipokuwepo kwenye kompyuta, najua iko kwenye TV.

Rimoti nimeificha, lakini mdogo wao ameshaipata.