Naomba ushauri: nitumie h-indeksi ipi kuombea kupandishwa daraja?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtafiti wa tiba, upande wa vimelea vya malaria. Naandaa wasifu wa kuombea kupandishwa daraja, na kamati inataka idadi ya makala na mara zilizonukuliwa.

Kwenye hifadhidata za makala za kitaaluma, Google Scholar inanipa h-indeksi 14 (yaani makala 14 zilizonukuliwa angalau mara 14 kila moja), Scopus 9. Najua Google Scholar huhesabu hata tasnifu na rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu, ilhali Scopus huchuja majarida. Lakini kuna suala la jina pia: makala za mwanzo zina herufi za kwanza tu, za baadaye zina jina kamili, basi Scopus imenigawa kuwa watu wawili. ORCID (namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti) ninayo. Aliyewahi kuomba wasifu wake wa Scopus uunganishwe, ilichukua muda gani?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba makala yangu inayonukuliwa kuliko zote ina waandishi wengi mno, na jina langu liko katikati. Ile niliyoiongoza mwenyewe, kazi ya miaka maabara, hainukuliwi sana, na ndiyo ninayoweza kuitetea mstari kwa mstari. Hii h-indeksi aliyoipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005 haitofautishi mwandishi wa kwanza na wa kumi.

Je, nieleze mchango wangu makala kwa makala? Azimio la San Francisco la 2012 kuhusu tathmini ya utafiti linahimiza kazi ipimwe kwa maudhui yake, si kwa jina la jarida. Mliokaa kwenye kamati hizi, maelezo hayo mnayasoma kweli au mnaangalia namba tu?