Naomba ushauri: wazee wa Lamu nitawaelezaje Mkataba wa Biashara ya Silaha?

MwanaWaAmu: Assalaam aleikum jamani. Vijana wa mtaa wetu tunaandaa ombi kwa Bunge, kwa kifungu cha 119 cha Katiba, Kenya iridhie mkataba huu. Linaniuma: mwaka 2006 Kenya ilikuwa kati ya nchi 7 zilizopeleka wazo hili Umoja wa Mataifa, Aprili 2013 ikaupigia kura ya ndiyo, kisha ikanyamaza. Wazee barazani wamekataa kutia sahihi. Wanahofia askari wa akiba watanyang'anywa bunduki, na mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 hawajayasahau. Tena wanauliza, mtu wa magendo atatii mkataba gani? Hapo nimekwama.

BintiMalindi: Waaleikum salaam kaka. Hofu ya kwanza waondoe kwa adabu. Mkataba unashika silaha zinazovuka mipaka ya nchi. Za ndani ni mamlaka ya nchi yenyewe, na dibaji imetamka hivyo. Wasomee kwa Kiswahili.

Nahodha_Pate: La magendo ndilo zito. Bunduki nyingi za magendo zilitoka kiwandani kwa halali, zikauzwa kwa karatasi safi, zikapotelea njiani au ghalani. Mkataba unambana muuzaji wa mwanzo: kifungu cha 7 kinamtaka apime hatari kabla ya kutoa kibali, cha 11 azuie shehena isichepushwe. Wazee wa bahari wataikumbuka meli ya Faina, iliyotekwa na maharamia Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 kutoka Ukraine. Ilipofika Mombasa Februari 2009 watu walikuwa bado wanabishana kama mzigo ni wa Kenya au wa Sudan Kusini. Swali hilo lilifaa kuulizwa kabla meli haijang'oa nanga!

Babu_Shela: Mwanangu, usituahidi kuwa bunduki zitakwisha. Marekani haijauridhia, Urusi hata sahihi haikutia. Sema ukweli huo mwanzo, kisha tuulize sisi tunataka nini kiandikwe. Sahihi haiombwi kwa karatasi iliyokwisha andikwa.

MwanaWaAmu: Shikamoo babu, nimekusikia. Mzee mmoja wa Kiunga alitaka risasi zitajwe. Zimo?

BintiMalindi: Zimo, kifungu cha 3, ila kwa upande wa kuziuza nje tu, na mkataba haulazimishi zitunziwe kumbukumbu. Liandikeni kama dai la ziada kwa serikali yetu, na huyo mzee awe wa kwanza kutia sahihi.