Naomba ushauri: mhusika wangu aingieje katika chama cha siri cha wanaume?

Ndugu wanajumuiya, salaam. Ninaandika mwendelezo wa riwaya yangu ya taharuki, ambamo binti anajiunga na chama cha siri cha wanaume watupu, na nimekwama katika sura ya tatu.

Kisa nimekijenga juu ya Skull and Bones, chama kilichoanzishwa mwaka 1832 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ambacho kwa desturi huteua wanafunzi 15 tu kila mwaka. Yale ilianza kupokea wanawake wa shahada ya kwanza mwaka 1969, lakini chama hicho kiliwafungia mlango hadi mwaka 1991, wanachama vijana walipowateua wanawake, nao wakubwa wao wakabadilisha makufuli ya jengo lao liitwalo Kaburi. Shauri likafika hadi mahakamani kabla ya kura ya wanachama kuwakubali. Tukio hilo la makufuli nalipenda mno, kwa sababu ufunguo unaogoma kuzunguka mlangoni unatisha kuliko bastola.

Ninachoomba ni hiki: je, binti huyu aingie kwa siri ili achunguze kifo cha kaka yake kilichofunga sehemu ya kwanza, au ateuliwe waziwazi, akitamani uanachama kwa dhati? Njia ya kwanza ina kasi, ila naona inamgeuza kuwa mpelelezi tu. Na je, adui awe mzee anayelinda mlango, au kijana yuleyule aliyemteua?